Uchaguzi wa meya New York: Mamdani alitoka asilimia 43 akafika 56, kura za kuongezea zilitoka wapi?

Karani wa Kituo

Wakuu, swali hili limezunguka sana tangu Juni 2025. Usiku wa matokeo Zohran Mamdani alikuwa na asilimia 43 na ushei, Andrew Cuomo 36. Wiki moja baadaye akatangazwa mshindi kwa asilimia 56 dhidi ya 44. Wengi walihitimisha kwamba kura zilipikwa. Hazikupikwa, na hesabu yake inafuatika kwa kalamu na karatasi, kwa hiyo naiweka hapa kwa utaratibu.

Kwanza tutenganishe chaguzi mbili. Tarehe 24 Juni 2025 ulikuwa mchujo wa chama cha Democratic, sawa na kura za maoni za vyama vyetu, ila kule unaendeshwa na Bodi ya Uchaguzi ya jiji na sheria zake ni za serikali. Tarehe 4 Novemba 2025 ndio uchaguzi mkuu wenyewe. Mfumo wa kuhesabu ni tofauti kabisa katika hizo mbili, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Kwenye mchujo mpiga kura hachagui mtu mmoja. Anapanga hadi wagombea watano, wa kwanza mpaka wa tano. Mfumo huu ulipitishwa na wananchi kwa kura Novemba 2019, zaidi ya asilimia 73 wakiuunga mkono, na ukatumika kwenye mchujo wa meya kwa mara ya kwanza 2021. Unahusu michujo na chaguzi ndogo za nafasi za jiji tu. Novemba hautumiki: mwenye kura nyingi anashinda, hata akizidi kwa moja.

Kwa chaguo la kwanza, matokeo rasmi ya Juni yalikuwa Mamdani 469,642 na Cuomo 387,137. Wagombea wengine tisa kwa pamoja walikuwa na kura karibu 215,000, kubwa yao zikiwa za Brad Lander, aliyekuwa Mdhibiti wa Fedha wa jiji, zaidi ya 120,000. Hakuna aliyevuka nusu. Kwa hiyo wa chini wanatolewa na kila karatasi yao inasomwa tena: chaguo linalofuata ni nani kati ya waliobaki? Inahamia kwake.

Matokeo ya mwisho: Mamdani 573,169, Cuomo 443,229. Toa mwenyewe. Mamdani aliongeza 103,527, Cuomo akaongeza 56,092, na karatasi zaidi ya 50,000 hazikwenda kwa yeyote kwa sababu wenye nazo hawakumpanga hata mmoja kati ya hao wawili. Hakuna kura mpya iliyoingia. Ni zile zile 215,000 zimegawanyika.

Mwana wa Kisumu

Ahsante ndugu. Lakini wagombea walikuwa kumi na mmoja na hesabu ikaisha duru ya tatu. Kama anatolewa mmoja mmoja, si zingekuwa duru tisa hivi?

Karani wa Kituo

Swali zuri. Sheria inaruhusu kuwatoa kwa mkupuo wale ambao kihesabu hawawezi kushinda. Chukua kura zote za tisa wale, uzirundike kwa mtu mmoja: ni 215,000. Cuomo peke yake alikuwa na 387,000. Hata miujiza ingetokea hakuna kati yao ambaye angemfikia, kwa hiyo hakuna haja ya kuwatoa mmoja mmoja. 2021 hali ilikuwa tofauti, wa pili na wa tatu walikaribiana sana, ikabidi ziende duru nane.

Binti Makorora

Naomba kueleweshwa karatasi yenyewe ilivyo. Na kura inaharibikaje? Huku kwetu ukitia alama kwa wawili imekufa.

Karani wa Kituo

Dada, fikiria jedwali. Majina ya wagombea yanashuka upande wa kushoto, na mbele ya kila jina kuna viduara vitano, safu ya kwanza hadi ya tano. Unajaza kiduara kimoja katika kila safu, kwa wino, kisha unaiingiza karatasi mwenyewe kwenye mashine ya kusoma.

Makosa yanayotokea:

Kuweka wawili nafasi moja. Ukijaza viduara viwili kwenye safu ya kwanza, kura imekufa kwa nafasi hiyo ya umeya. Ukikosea hivyo kwenye safu ya tatu, la kwanza na la pili bado ni halali, la tatu na yanayofuata hayahesabiwi. Mashine inatoa onyo kabla ya kuipokea, na una haki ya kuomba karatasi nyingine. Tatizo ni kwamba watu wana haraka, wanabonyeza kukubali bila kusoma.

Kumpanga mtu mmoja safu zote tano. Hili linafanywa na wanaodhani wanamwongezea nguvu. Hawamwongezei chochote. Linahesabiwa la kwanza tu, na akitolewa karatasi haina pa kwenda.

Kuruka safu. Ukijaza ya kwanza na ya tatu ukaacha ya pili, ya tatu inachukuliwa kuwa ya pili yako. Hakuna hasara.

Kupanga mmoja tu. Ni halali. Ila umejitoa kwenye uamuzi wa mwisho endapo mtu wako hatafika.

Na jambo ambalo watu hawaliamini hata ukiwaeleza mara tatu: chaguo lako la pili haliwezi kumdhuru wa kwanza wako. Halisomwi kabisa mpaka yeye awe ametolewa.

Hesabu Kwanza

Naongezea mfano mdogo, maana kwa takwimu kubwa watu wanapotea. Kura 100, wagombea wanne:

Asha 38, Baraka 32, Chiku 18, Daudi 12.

Nusu haijavukwa. Daudi anatoka. Katika karatasi zake 12, saba zina Chiku wa pili, tatu zina Asha, mbili hazina mwingine. Sasa: Asha 41, Baraka 32, Chiku 25, zilizokwisha (zisizo na pa kwenda tena) 2.

Chiku anatoka. Karatasi zake ni 25, zikiwemo saba zilizotoka kwa Daudi ambazo sasa zinasomwa chaguo la tatu. Kumi na saba zinakwenda kwa Baraka, nne kwa Asha, nne zimekwisha. Mwisho: Baraka 49, Asha 45, zilizokwisha 6.

Baraka ameshinda ingawa alianza nyuma kwa kura sita. Asha hakuibiwa. Watu 49 kati ya 94 waliobaki na sauti walimtaka Baraka kuliko Asha, na hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi tangu siku ya kura.

Ndiyo maana timu za kampeni zinazoelewa mchezo huu hazimtukani mgombea mdogo. Zinamfuata mfuasi wake na kumwomba nafasi ya pili. Mamdani na Lander walifanya hivyo hadharani tarehe 13 Juni 2025, siku moja kabla ya kura za mapema kuanza: kila mmoja aliwaambia wafuasi wake wampange mwenzake wa pili.

Mzee wa Ilala

Nimesoma kwa makini, na kuna kitu hamjakigusa. Hiyo "zaidi ya nusu" ni nusu ya nini? Kwenye mchujo wa meya wa 2021 Eric Adams alimshinda Kathryn Garcia kwa 404,513 dhidi ya 397,316, tofauti ya kura 7,197. Wakasema ana asilimia 50.4. Lakini kura karibu 140,000 zilikuwa zimekwisha njiani. Zirudishe kwenye hesabu, Adams ana asilimia 43 hivi ya wote waliopiga kura. Huo wingi umetoka wapi?

Hesabu Kwanza

Mzee wangu, hoja yako ni sahihi na inapaswa kusemwa. Asilimia ya duru ya mwisho ni ya karatasi zilizobaki hai, si ya zote zilizopigwa. 2021 kura 140,000 zilizokwisha ni mara 19 ya tofauti ya ushindi. Na kabla ya hapo, Garcia alimpita Maya Wiley kwa kura kama 12,000 tu ili aingie fainali. Katika uchaguzi ule kura zilizokwisha zingeweza kuamua.

2025 haikuwa hivyo. Ukizirudisha zote, Mamdani bado ana zaidi ya asilimia 53 ya karatasi zote. Kwa hiyo kabla hujaamua kama ushindi ni wa wingi halisi, angalia namba mbili: zilizokwisha ni ngapi, na tofauti ya wawili wa mwisho ni kiasi gani.

Mzee wa Ilala

Basi kwa nini wasirudie uchaguzi kati ya wawili wa juu, watu wakaenda upya na akili zao?

Karani wa Kituo

Walikuwa nao, mzee. Kabla ya 2021, mchujo wa nafasi za jiji zima ukikosa mtu wa asilimia 40, wawili wa juu walirudiwa baada ya wiki chache. 2001 Mark Green na Fernando Ferrer walirudiwa hivyo. 2013 Bill de Blasio aliponea chupuchupu kwa kuvuka 40 kidogo tu. Mwaka huo huo nafasi ya Mtetezi wa Umma ikarudiwa: jiji likatumia kama dola milioni 13 kwa ofisi ambayo bajeti yake ya mwaka haikufika milioni 3, na waliojitokeza walikuwa wachache mno. Sababu kubwa ya kubadilisha ilikuwa hiyo. Kurudia kunampa ushindi mwenye fedha za kuwarudisha watu vituoni mara ya pili.

Mwana wa Kisumu

Na ile kashfa ya kura hewa 2021? Hapa Kenya tuliisikia sana.

Hesabu Kwanza

Ilitokea kweli, na inafaa kueleweka kwa kuwa ni kosa la ofisi ya kawaida kabisa. Kabla ya siku ya kura, Bodi ya Uchaguzi ilijaribu programu ya kujumlishia kwa karatasi za majaribio. Kama 135,000 hazikufutwa. Tarehe 29 Juni 2021 walipoendesha hesabu ya duru na kuichapisha, za majaribio zilikuwa ndani. Waangalizi waligundua upesi: jumla ya kura za duru ilizidi jumla iliyotangazwa usiku wa uchaguzi kwa kiasi kisichoelezeka. Usiku huo huo matokeo yakaondolewa, kesho yake yakatolewa yaliyosahihishwa.

Kinga yake ni rahisi, na inafaa mahali popote: kabla ya kuendesha duru ya kwanza, jumla kwenye mashine lazima ilingane na idadi ya waliosaini kwenye vitabu vya vituo. Isipolingana unasimama hapo hapo.

Na kwa kuwa karatasi halisi zipo, kosa la programu lilirekebishika. Kungekuwa na mashine tupu bila karatasi, sijui wangeshika nini.

Binti Makorora

Kwa nini wasubiri wiki nzima kuendesha duru? Kuchelewa ndiko kunakoleta maneno.

Karani wa Kituo

Kwa sababu ya kura za posta. Bahasha iliyopigwa mhuri wa posta si zaidi ya siku ya uchaguzi inapokelewa hadi siku saba baadaye. Isiyo na saini haitupwi papo hapo, mwenyewe anaarifiwa aje arekebishe. Ukiendesha duru mapema, kura chache za posta zinaweza kubadilisha nani anatolewa kwanza, na akibadilika huyo, mgawanyo wote unabadilika. Usiku wa kwanza unatangaza chaguo la kwanza tu: za mapema, za siku yenyewe, na za posta zilizokwisha kupokelewa na kukaguliwa.

Lakini nakubali dada, kimya cha wiki ni kibaya. 2025 kilipita salama kwa sababu Cuomo alikubali kushindwa usiku ule ule.

Kibubu

Nimeona mnazungumzia kura, hamjagusa fedha, na bila fedha Mamdani asingesikika. Jiji lina Bodi ya Fedha za Kampeni. Mgombea akijiunga na mpango wake, kila dola anayochanga mkazi wa jiji, hadi dola 250 za mwanzo, jiji linaiongezea dola 8. Mwenye duka wa Bronx akitoa dola 10, kampeni inapata 90. Akitoa 250, jiji linaweka 2,000 juu yake.

Ili ufunguliwe mlango kwenye umeya unatakiwa uwe na wachangiaji 1,000 wa jijini na jumla ya dola 250,000 ya michango inayostahili. Ukijiunga unakubali kikomo cha matumizi, karibu dola milioni 8 kwa mchujo wa 2025. Mamdani alifika kikomo mapema akawaomba watu waache kuchanga, wajitolee kugonga milango badala yake.

Zinapokwama: kila mchango unataka jina na anwani, na mtu akizidisha dola 99 unataka pia kazi na mwajiri. Vikikosekana, hauongezewi. Taslimu zaidi ya dola 100 kwa mtu hairuhusiwi. Mwenye biashara na jiji ana kikomo chake cha dola 400 na hauongezewi kitu. Baada ya uchaguzi kuna ukaguzi, na salio la fedha za umma linarudi.

Bodi hiyo haiogopi majina makubwa. Desemba 2024 ilimnyima Adams ruzuku akiwa meya aliye ofisini. Mei 2025 ilimzuilia Cuomo zaidi ya dola 620,000, ikitilia shaka kwamba kampeni yake iliratibu na kundi la nje lililokuwa likimtangazia. Makundi hayo ndiyo tundu kubwa la mfumo mzima: hayana kikomo cha matumizi, mradi yasishauriane na mgombea.

Mwana wa Kisumu

Kibubu umenifungua macho. Hapa mgombea wa wadi anauza shamba. Na fomu? Kule wanalipia kiasi gani kuchukua?

Kibubu

Hakuna ada kama ya kwetu. Kuna saini: 3,750 halali za wanachama waliosajiliwa wa chama chako. Wapinzani wana haki ya kuzipinga moja moja, kwa hiyo hakuna anayepeleka 3,750. Wanapeleka mara kadhaa ya hizo. Saini zinazokufa zaidi ni za mtu asiye mwanachama wa chama hicho, na za aliyesaini kwa wagombea wawili wa nafasi moja. Hapo inahesabiwa ile ya tarehe ya kwanza tu.

Mzee wa Ilala

Swali la Novemba. Nimeona picha ya karatasi, Mamdani katokea mara mbili na Adams yumo wakati alishajitoa. Mbona fujo?

Karani wa Kituo

Si fujo, mzee, ni sheria ya jimbo la New York. Vyama viwili vinaweza kumsimamisha mtu mmoja, jina linachapwa chini ya kila chama, kisha kura zinajumlishwa. Mamdani alikuwa chini ya Democratic na Working Families. Curtis Sliwa wa Republican naye alitokea mara mbili. Ukijaza mistari yote miwili ya mtu yule yule haimpi kura mbili.

Adams alijitoa mchujoni, akasimama kama mgombea binafsi, kisha tarehe 28 Septemba 2025 akaacha kabisa. Wakati huo muda wa kuondoa jina ulikuwa umepita. Jina likabaki, na watu elfu kadhaa wakampigia. Cuomo aliyeshindwa mchujo alirudi kwa mstari wake binafsi, ndiyo maana Novemba walikutana tena. Mamdani akapata zaidi ya kura milioni moja, asilimia 50 na ushei. Waliopiga kura walizidi milioni 2, jambo ambalo halikuonekana tangu 1969.

Binti Makorora

Nina ndugu Harlem na Bronx wenye kadi ya kijani. Nasikia kuna sheria iliwaruhusu kupiga kura za jiji. Ni kweli?

Kibubu

Dada, hapa tafadhali wasikilize vizuri, maana kosa linaweza kumfukuzisha mtu nchini. Baraza la Jiji lilipitisha sheria hiyo, ingewahusu watu kama 800,000. Haikuwahi kutumika. Mahakama ya juu ya jimbo iliifuta Machi 2025. Mwenye kadi ya kijani asijaze fomu ya kujiandikisha kupiga kura hata akiwekewa mezani ofisi ya leseni za udereva. Kujiandikisha kwa kudai uraia usio nao kunaharibu maombi ya uraia ya baadaye, na kunaweza kuleta kuondolewa.

Kuchangia anaruhusiwa, na mchango wake ukiwa wa mkazi wa jiji unaongezewa. Ndugu aliye Tanga au Mombasa asiye raia wala mkazi haruhusiwi kutuma hata dola moja.

Aliyekwisha kupata uraia aangalie mambo mawili. Moja, mchujo umefungwa: usipojisajili ndani ya chama hupigi. Kubadilisha chama mwisho ni tarehe 14 Februari ya mwaka huo, na wengi hugundua Juni wakiwa kituoni. Pili, kura za mapema ni siku tisa, halafu kuna siku moja ya mapumziko kabla ya siku kuu. Siku hiyo kubwa vituo vinafunguliwa saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku.

Mwana wa Kisumu

Na meya wa New York akishaingia ofisini ana mamlaka gani? Tusije tukampima kwa rungu la gavana wa Nairobi.

Karani wa Kituo

Ulinganisho huo ni wa maana, ndugu. Dar meya huchaguliwa na madiwani pamoja na wabunge wa eneo. Machi 2016 Isaya Mwita alipata 84 dhidi ya 67 za Omary Yenga, basi, mwananchi hakugusa karatasi. Tena mtendaji ni mkurugenzi, mteule wa Rais. Kampala Meya Mkuu anachaguliwa na wananchi moja kwa moja, lakini mkurugenzi mtendaji ni wa Rais, na Erias Lukwago alionja ugumu wa mpangilio huo kwa miaka. Nairobi tangu 2013 gavana ndiye mtendaji.

New York meya ndiye mtendaji mwenyewe. Anateua mkuu wa polisi na wakuu wa idara, anaandaa bajeti inayozidi dola bilioni 110, kisha inapitishwa na Baraza la madiwani 51. Muhula ni miaka minne, miwili mfululizo.

Sasa pima ahadi za Mamdani kwa mizani hiyo. Kusimamisha kodi za nyumba zinazodhibitiwa: inaamuliwa na bodi ya watu tisa, wote wanateuliwa na meya, kwa hiyo njia anayo, ingawa wajumbe waliokuwepo wana vipindi vyao na inabidi wasubiriwe. Mabasi ya bure: shirika la usafiri liko chini ya jimbo, lazima akubaliane na gavana na bunge la jimbo kule Albany. Kupandisha kodi ya mapato ya matajiri: Albany tena, peke yake hawezi.

Mzee wa Ilala

Nimeridhika na hesabu. Hoja yangu ya kura zilizokwisha bado naishikilia. Wakiruhusu kupanga wote badala ya watano, zingepungua.

Hesabu Kwanza

Zingepungua, mzee. Ila ya 2021 ilikuwa na wagombea 13, na karatasi ya safu 13 kwa majina 13 ni viduara 169 kwa nafasi moja tu. Hapo makosa ya wawili nafasi moja yangeongezeka. Jambo linalowezekana bila kugusa karatasi ni elimu ya mpiga kura: anayetaka kura yake ifike mwisho, kati ya majina yake matano amuweke angalau mmoja wa wale wawili wanaoongoza, hata nafasi ya tano, yule anayemvumilia zaidi.

Mzee wa Ilala

Na kama hamvumilii hata mmoja?

Hesabu Kwanza

Amuache. Karatasi yake itakwisha, na hiyo nayo ni haki yake.